Mtenda Hayupo

Kazi ilikuja kwa WhatsApp, kama kazi zetu nyingi siku hizi. Kurasa 34, kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, malipo baada ya siku 30, yaani 90, tunajuana. Chuo kikuu kimoja hapa nchini kilitaka sera yake ya jinsia, ujumuishaji na haki za binadamu ipatikane katika lugha zote mbili rasmi, na mtu fulani akakumbuka kwamba nilisomea Kiswahili na sina kazi ya kudumu. Chuo sitakitaja. Kabla ya kuanza nilipakua sera za vyuo vingine vinne ili nijue msamiati wao, na nikagundua kwamba hata nikikitaja sitakuwa nimekuambia kitu. Sera hizi zote ni ndugu. Mbili kati yake ni mapacha kabisa, hadi makosa ya chapa.

Sisi watu wa fasihi tumefunzwa kuhakiki riwaya, tamthilia, mashairi na, siku ambayo mwalimu ameamka vizuri, hata maandishi ya matatu. Hakuna aliyewahi kutuambia tuhakiki sera. Lakini sijui utanzu mwingine unaosomwa na watu wachache hivi na kuamua mambo ya watu wengi hivi. Basi wacha niihakiki sera kama ningehakiki kitabu chochote.

Utanzu una kanuni zake. Inaanza dibaji ya naibu chansela, na picha yake akitabasamu mbele ya rafu ya vitabu. Inafuata orodha ya vifupisho, halafu fasili za maneno: jinsi, jinsia, usawa, ubaguzi, unyanyasaji. Halafu mikataba inapangwa kama wazee wa ukoo kwenye harusi, kuanzia ule wa Umoja wa Mataifa wa 1979 kuhusu ubaguzi dhidi ya wanawake, hadi Itifaki ya Maputo ya 2003, hadi Katiba yetu ya 2010. Ukifika ukurasa wa 12 bado hakuna kilichotokea. Katika riwaya ungeshafunga kitabu.

Kisha inakuja sehemu ya lugha, na hapo nilifurahi kidogo. Sera ilikuwa imetumia ukurasa mmoja na nusu kuwafundisha wafanyakazi wa chuo waache kumwita kila kiongozi mwanamume kwa Kiingereza, wasiandike kana kwamba kila mhadhiri ana ndevu. Nilipoanza kuitafsiri, sehemu yote ikayeyuka mikononi mwangu. Kwa Kiswahili mwenyekiti ni mwenyekiti. Anakuja, anasaini, anaondoka, na huwezi kujua kama amevaa tai au leso. Ukurasa mmoja na nusu ukawa mistari minne. Nilijivunia lugha yangu kwa muda wa kama dakika kumi. Halafu nikajiuliza: sasa kama tumekuwa na hii "a-" isiyobagua miaka yote hii, mbona mambo yako vile yalivyo? Na nikajiuliza la pili, ambalo ndilo la uhakiki huu: ukiondoa maneno kuhusu maneno, sera inabaki na nini?

Inabaki na vitenzi. Na vitenzi vyenyewe viko hivi: malalamiko yatapokelewa. Yatashughulikiwa kwa wakati ufaao. Usiri utazingatiwa. Mlalamikaji atasikilizwa. Hatua zitachukuliwa.

Kila aliyepita kidato cha pili anaijua kauli ya kutendwa. Mtoto aliumwa na nyoka. Ugali ulipikwa na Juma. Uzuri wake ni kwamba mtenda bado ana nafasi yake, nyuma ya kile kijineno "na". Unaweza kumwacha nje ukitaka, lakini lugha imemwekea kiti. Mimi ndiye niliyekuwa nikitafsiri, kwa hivyo kila sentensi nilifika kwenye kile kiti nikiwa nimejiandaa kuandika jina la mtu, na kila mara nilikuta nukta. Yatapokelewa, nukta. Zitachukuliwa, nukta. Kwa Kiingereza nilikuwa nimeipita mitindo hii bila kushtuka, kwa sababu Kiingereza cha ofisi ndivyo kinavyoongea na masikio yetu yameshazoea. Kwa Kiswahili kilisikika kama mtu anayekwepa swali la mama yake.

Mahali pachache alitokea mtu, na jina lake lilikuwa "wahusika". Hili neno linanichekesha. Kwenye darasa la fasihi, mhusika ni mtu mwenye jina, mwenye tamaa, anayependa au kuchukia, na ukimaliza kitabu unaweza kumgombanisha na mhusika mwingine kwenye insha ya alama 20. Kwenye sera, mhusika ni yule ambaye kitu kinamhusu lakini hatujui ni nani. "Wahusika watafahamishwa." "Hatua dhidi ya wahusika." Katika sentensi moja ni aliyetendewa, katika nyingine ni aliyetenda, katika ya tatu ni ofisi. Neno moja, watu watatu, na hakuna hata mmoja mwenye uso.

Rafiki yangu aliwahi kuwa mhusika, kwa maana zote.

Tulikuwa mwaka wa tatu, katika chuo kingine, si hiki cha tafsiri, nacho pia kitabaki bila jina. Maksi zake za somo moja hazikuonekana. Kama umepitia campo Kenya unajua kupotea kwa maksi ni kama mvua ya Aprili, kila mtu inamnyeshea. Sisi wengine tulizunguka ofisini, tukajaza fomu, mmoja wetu akarudia mtihani mzima. Zake zilipotea namna nyingine. Lek alimwambia zipo, aje azichukue Jumamosi, na si ofisini. Hakwenda. Muhula ukaisha, maksi hakuna. Akamwendea tena katikati ya wiki, mchana, na mimi nimesimama nje ya mlango, na akaambiwa yaleyale, huku mtu anacheka.

Akapeleka malalamiko. Karani wa idara akamwambia alete kwa maandishi. Mwenyekiti wa idara akaipokea barua, akasema haya ni mambo mazito, atayapeleka mbele. Ofisi ya jinsia ilikuwa chumba kimoja chenye mama mmoja, ambaye pia alikuwa mshauri nasaha, na pia alifundisha lile somo la ukimwi la mwaka wa kwanza. Yule mama alimsikiliza saa nzima na kumchemshia chai. Halafu akamwambia ukweli: mwanangu, mimi hapa naweza tu kupendekeza. Kamati ndiyo ingeamua, na mwenyekiti wa idara alikuwa mmoja wa wanakamati. Wakati huo wote sera ilikuwepo, ina nembo, ina sahihi, iko kwenye tovuti ya chuo, unaipakua kwa dakika moja ukiwa na bando.

Sisi tukapiga picha za mahafali na majoho ya kukodi. Yeye alimaliza miaka miwili baadaye. Asubuhi moja maksi zilionekana tu kwenye mfumo, C, bila maelezo, na barua ya idara ikasema kwamba maksi zake "zimepatikana". Nimelifikiria sana hilo neno tangu nianze kazi hii. Hata si kauli ya kutendwa. Iko kule kwa kauli ya kutendeka, ambako mambo hutokea yenyewe, kama chupa inavyovunjika na ugali unavyolika. Zimepatikana. Hakuna aliyezipoteza, hakuna aliyezipata.

Mtu atasema, wacha sera, kuna sheria. Ni kweli ipo. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, ile iliyopelekwa bungeni na Njoki Ndung'u akiwa mbunge wa kuteuliwa, ina vifungu viwili vinavyogusa jambo hili. Nilivisoma kwa jicho lilelile la msomaji wa riwaya. Kifungu cha 23 kinamwadhibu mwenye mamlaka au wadhifa wa umma anayemtaka mtu kimapenzi huku akijua hatakiwi: kifungo kisichopungua miaka 3, au faini isiyopungua shilingi 100,000, au vyote viwili. Lakini katikati kuna kielezi kimoja, nacho kinataka awe amefanya hivyo kwa kurudiarudia, bila kukoma. Mara ngapi ndiyo kurudiarudia? Rafiki yangu alialikwa mara mbili. Kifungu cha 24 kinawataja walimu wa shule za msingi na za sekondari na taasisi maalum, kwa jina. Chuo kikuu hakikutajwa kwa jina. Mwanafunzi wa chuo itabidi aingie kwa mlango wa upande, ule wa "mtu mwenye nafasi ya kuaminiwa", na mlango huo unafunguka tendo likishafanyika. Kwa yule aliyekataa kwenda Jumamosi, kinabaki kile kielezi. Sheria ya Ajira ya 2007 nayo inamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na tamko dhidi ya unyanyasaji wa kingono, ila hilo linamlinda mfanyakazi, na mwanafunzi si mfanyakazi.

Sasa, najua jibu la wanasheria: maandishi rasmi ndivyo yalivyo, usiyabebeshe makosa ya watu. Sikubali, na ushahidi wangu ni Katiba yenyewe. Kifungu cha 27(8), kile cha thuluthi mbili, hakisemi tu kwamba hatua zitachukuliwa. Kinasema Serikali itachukua hatua, za kisheria na nyinginezo, ili jinsia moja isizidi thuluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa. Mtenda amekaa mbele ya kitenzi chake. Ndiyo maana watu waliweza kwenda mahakamani, tena na tena, na ndiyo maana Septemba 2020 Jaji Mkuu Maraga aliweza kumwandikia Rais kumshauri avunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria hiyo. Bunge halikuvunjwa, sote tunajua. Lakini nchi nzima ilijua nani hajafanya kazi yake. Jaribu kufanya hivyo na "kwa wakati ufaao".

Vyuo vyenyewe vikiamua, au vikilazimishwa, vinajua kuandika sentensi iliyonyooka. Makerere mwaka 1990 ilianza kumwongezea kila msichana anayeomba nafasi pointi 1.5. Unaweza kuipenda au kuichukia, lakini unaielewa, na karani wa udahili hawezi kujifanya hajaielewa. Hapa kwetu marekebisho ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2016 yalisema mwenyekiti wa baraza la wanafunzi na naibu wake wawe wa jinsia tofauti. Ikawa. (Sheria hiyohiyo ilimnyang'anya komredi kura yake ya moja kwa moja na kuwapa wajumbe, na sijawahi kuamini hizo mbili zilikutana pamoja kwa bahati.) Mwaka 2021 Chuo Kikuu cha Nairobi kikapata mwanamke wa kwanza kuongoza chama cha wanafunzi. Kwenye ukabila pia kuna sentensi kavu: sheria ya uwiano ya 2008 inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja, na tume ya NCIC ilipokagua vyuo vya umma ilikuta vingi vimejaa watu wa pale vilipo. Tunaweza kusema vimevunja sheria kwa sababu kuna namba ya kuvunja.

Lakini namba pekee hazinitoshi, na aliyenifundisha hilo ni Wangari Maathai. Tunamjua wa miti, wa Uhuru Park, wa Nobel ya 2004. Kitabu chake Unbowed, kilichotoka 2006, kinastahili kusomwa pia kama riwaya ya chuo kikuu, na sijui kwa nini hatukisomi hivyo. Anarudi kutoka Marekani 1966 akiwa na barua ya kazi ya usaidizi wa utafiti katika idara ya zuolojia. Anafika, anaambiwa kazi amepewa mwingine. Anaamini ni kwa sababu ya jinsia yake na kabila lake, vyote kwa pamoja, na hapo ameshasema kwa ukurasa mmoja jambo ambalo sera zetu hulitenga katika sura mbili zisizosalimiana. 1971 anakuwa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na ya Kati kupata shahada ya uzamifu. Anafundisha, anapanda vyeo. Kwenye namba za chuo, huyo ni ushindi: mwanamke, amehesabiwa.

Kumbe nyumba hana haki nayo. Mhadhiri mwanamke aliyeolewa alihesabiwa kuwa yuko chini ya mume wake, kwa hivyo marupurupu ya nyumba na mengineyo hayakuwa sawa na ya wanaume waliofanya kazi ileile. Yeye na mwenzake Vertistine Mbaya wakaanza kudai. Sehemu ninayoipenda ni jinsi chuo kilivyowajibu: kiliwapa wao wawili masharti kamili, na wanawake wengine kikawaacha vilevile. Yeye mwenyewe analichekea hilo, kwamba walikuwa wamegeuzwa wanaume wa heshima. Ukiwahi kukaa kwenye mkutano ambapo dada mmoja mwenye kelele anapewa kiti ili wengine kumi wanyamaze, unaijua hiyo mbinu, na unajua haikuzeeka.

1982 anajiuzulu ili agombee ubunge. Anazuiwa kugombea kwa sababu ya usajili wa wapiga kura. Anarudi chuoni kuomba kazi yake, anaambiwa nafasi imeshajazwa. Na nyumba ya chuo aondoke. Hebu ona: idara inayochukua miaka miwili kupata maksi za mwanafunzi inaweza, ikitaka, kujaza nafasi ya mwalimu wake mkuu kabla chai haijapoa. Kasi ipo. Leo Chuo Kikuu cha Nairobi kina taasisi yenye jina lake, ya amani na mazingira. Sina kinyongo na taasisi hiyo. Ninachosema ni kwamba kitabu chake kina watenda, wenye vyeo na milango na saa za kazi, na ndiyo maana ukikimaliza unajua chuo kikuu kinaendeshwaje. Sera 34 za kurasa 34 haziwezi kukuambia hivyo.

1971 hiyohiyo, hapa hapa Nairobi, East African Literature Bureau walichapa Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ambayo Tanzania ilipigwa marufuku shuleni. Kezilahabi alijua kuhusu wakuu wa vyuo na wasichana walio chini yao miaka 35 kabla ya Bunge letu kupitisha sheria ya 2006. Alimpa mkuu wa chuo jina, akampa ofisi na tamaa. Ila mzigo mwishowe anaubeba Rosa, na ni Rosa anayekufa. Nikiwa kidato cha nne niliona hiyo ni hekima. Siku hizi naisoma na naona mwandishi naye, pamoja na ujasiri wake wote, alichoka kumfuata yule mwanamume akarudi kwa msichana kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu. Kamati nyingi hufanya hivyo pia.

Turudi kwenye kazi yangu. Nilitafsiri kama nilivyoagizwa, lakini pembeni, kwenye yale maoni ya Word, niliandika "na nani?" kila nilipokuta nukta mahali pa mtu. Pia "siku ngapi?". Pia, kwenye ukurasa wa kamati, "je, anayelalamikiwa au bosi wake akiwa mwanakamati?" Kurasa zikajaa rangi. Usiku mmoja nilikaribia kuiba. Niliandika: malalamiko yatapokelewa na Msajili wa Masuala ya Taaluma, ndani ya siku saba, naye atampa mlalamikaji nakala yenye tarehe. Sentensi ilikaa vizuri sana. Ilikuwa na kiima, ilikuwa na mtenda, ilikuwa na tarehe. Niliiangalia kama dakika tano kisha nikaifuta, kwa sababu mfasiri si Seneti, na kwa sababu nilihitaji hizo pesa za rent.

Jibu la ofisi lilikuja baada ya wiki tatu, la adabu kabisa. Maoni yangu yamethaminiwa. Tafadhali nitafsiri kilichoandikwa.

Nilimtumia rafiki yangu toleo la mwisho, si kwa sababu ya kazi, nilitaka tu alione kwa Kiswahili. Yeye sasa yuko Eldoret, anafundisha, ana watoto wake wa darasa na diwani wake wa kugombana naye. Alikaa siku mbili bila kujibu nikadhani nimemkosea. Kisha akatuma sauti, dakika nne, nyuma kunasikika mtu anaosha vyombo. Alisema Kiswahili changu ni kizuri. Alisema ukurasa wa 19 nimeandika "mlalamikaji atasikilizwa", na kwamba hiyo ni kweli, yeye alisikilizwa mara nne. Akaniuliza yule mama wa chai kama bado yuko. Sikujua.

Mwishoni akauliza kama wamenilipa. Nikamwandikia: malipo yanashughulikiwa.